Karatasi ya Ijumaa ya Saumu

Mmeniuliza tulikuwa tunachagua vipi riwaya za kihistoria za kikundi cha Ijumaa, kule duka la vitabu la mtaa wa Mansoura, Doha, maana mnataka kukifufua. Nimeanza kuwajibu mara tatu na mara tatu nimefuta. Mimi niliishia kidato cha pili, na duka lile niliingia na ndoo na mopu, sikuingia na cheti. Nyinyi mna digrii, mnatafuta kitu kwenye simu kabla mtu hajamaliza kuuliza. Sijui kama nina cha kuwafundisha. Ila ninayo madaftari kumi na moja niliyoandika nikiwa Doha, na nitawaambia yaliyomo. Mahali ambapo daftari linagombana na kumbukumbu yangu, nafuata daftari.

Niwaambie mapema kwamba kikundi hakikufa chenyewe. Mtu mmoja alipoteza Ijumaa zake kwa sababu yangu, na huyo ndiye ninayetaka kumfikia. Lakini mmeuliza kuhusu vitabu, basi nianze na vitabu.

Duka liliuza zaidi vitabu vya shule, kalamu na karatasi za kufungia zawadi. Riwaya zilikaa nyuma, karibu na choo, na za Kiswahili hazikuwepo. Meneja alikuwa mtu wa Kerala, India kusini, tukimwita Mzee Kurian. Siku moja alinikuta nimekalia ndoo niliyoipindua, nasoma badala ya kupangusa. Nikajua kazi imekwisha. Akaniuliza niko ukurasa gani. Nikamwambia wa tatu. Akakichukua kitabu, akakifungua wa arobaini, akanirudishia.

"Ukurasa wa kwanza, mole, mwandishi anasaidiwa na watu wote," alisema. Mole ni binti kwa lugha yao. "Ukurasa wa arobaini yuko peke yake. Msome hapo."

Hicho ndicho kipimo cha kwanza na sijapata kingine kinachokishinda. Cha pili pia ni chake: kwenye riwaya ya kihistoria angalia taa, angalia chakula, angalia mwendo. Wanawashia nini usiku? Wanakula nini, na nani amekitwanga? Wanatoka hapa kwenda pale kwa siku ngapi? Kuna riwaya moja ya wapagazi niliyoipenda sana, ina maneno matamu, ya mapenzi na ya vita. Wapagazi walitoka pwani na pembe za ndovu vichwani wakafika ziwani kwa siku tisa. Nilipompa Mzee Kurian habari yake aliniuliza kwa upole kama walipanda ndege. Nikairudisha kwenye rafu na aibu yangu. Mwandishi asiyejua mguu wa mtu unachoka lini, hata huzuni yake usiiamini.

Sijui kwa nini alinivumilia. Labda alikuwa mpweke. Kila mwaka meneja mkuu alimtaka auze zaidi kalamu za rangi, na yeye alitaka mtu wa kuzungumza naye juu ya vitabu. Mimi ndiye niliyekuwepo, na mopu.

Kikundi cha Ijumaa kilianza na walinzi. Mlinzi aitwaye Wafula, mtu wa Webuye, alikuwa akikaa kambi ya Wukair na kulinda majengo ya Thumama, saa kumi na mbili kwa siku. Alikuja kununua kalamu akaniuliza kama tuna kitabu chochote cha nyumbani. Nikasema hakuna. Akasema, "Sasa nyinyi mnauza vitabu gani kama hamna vyetu?" Nilipoenda likizo nilirudi na riwaya tano za Kiswahili katikati ya unga wa wimbi, na hivyo ndivyo tulivyopata vitabu miaka yote ile: kwa masanduku ya watu wanaotoka likizo.

Tulikuwa watu kumi na wawili na kila kitabu kilikuwa nakala moja, mbili tukibahatika. Kwa hiyo tulikuwa tukivichana. Najua mnashtuka. Tulikata mgongo wa kitabu kwa kisu cha kadibodi, tukagawa sehemu nne, kila sehemu tukaipiga pini na kuivalisha gamba la kalenda ya mwaka uliopita. Mzee Kurian alipotuona mara ya kwanza alitoka nje akasimama juani. Kisha akarudi akatuletea kisu chenye makali zaidi, akasema kama tunachinja tusitese.

Kuchana kulikuwa na faida. Sehemu moja iliingia mfuko wa ndani wa koti la mlinzi, na simu hairuhusiwi lindoni. Hasara ni kwamba wengine waliianza hadithi katikati. Aliyekuwa na sehemu ya nne alijua nani anakufa. Wafula akipata ya nne alikuwa mtu mbaya sana. Alikaa akitutazama, akimwonea huruma mhusika ambaye sisi tulidhani bado ana maisha marefu, na kunyamaza kwake kulikuwa na bei: kikombe cha karak, chai ya maziwa na iliki, kutoka mkahawa wa chini.

Huyo Wafula alinifundisha mengi kuliko alivyojua. Tulisoma riwaya moja ya askari wa enzi za Mwingereza, na ndani yake askari wa zamu alivua viatu akalala akimwota mama yake. Wafula aliirusha sehemu yake mezani. "Huyu mwandishi hajawahi kulinda hata kuku," alisema. "Viatu unavua vipi na hujui mkubwa anapita saa ngapi?" Tangu siku hiyo, kitabu chenye mlinzi nilimpa mlinzi kwanza, chenye mpishi nilimpa mpishi. Fanyeni hivyo. Msichague peke yenu.

Na mimi niliyewaambia hivyo, sikufanya hivyo siku iliyohitajika. Nitafika huko.

Kulikuwa na kikundi kingine cha Jumanne, cha manesi na watu wa ofisi, Wakenya wengi. Nitasema kweli: sikukipenda, na labda nilikionea. Waliniita "auntie wa usafi" hata baada ya miaka minne ya kuwachagulia vitabu. Lakini nesi mmoja ndiye aliyenifahamisha kosa langu kubwa la mwanzo. Niliwapa riwaya nene ya ujenzi wa reli, sura zake ndefu kama reli yenyewe. Akanirudishia akasema yeye husoma dakika kumi na tano kabla ya kulala, na sura isipokwisha kwa dakika hizo, kesho amesahau nani ni nani. Alikuwa na haki. Hesabuni urefu wa sura kabla ya kusifu kitabu.

Na kwa kuwa nimeanza kusema haki, niseme pia habari ya meneja aliyekuja baada ya Mzee Kurian kustaafu. Alibandika ukutani bango la chaguo la mwezi, na vitabu nilivyochagua mimi vikatoka na jina lake chini. Niliumia, daftari limejaa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Lakini hata vile vibovu alivitia jina lake, na watu walipokuja kulalamika walimlalamikia yeye. Sikujitokeza kusema hivyo pia ni vyangu.

Sasa nimfikie Saumu.

Saumu alikuwa wa Matuga, Kwale, mfanyakazi wa nyumbani kwa familia moja ya Thumama. Mwembamba, mpole, na ulimi kama wembe ukimchokoza. Wafula alijaribu mara moja kumcheka kwa kutosoma haraka. Alikuwa akipitisha kidole chini ya kila neno la Kiswahili. Saumu akamwambia, "Mimi nasoma polepole, Kaka Wafula, kwa sababu mimi naelewa." Hakuchekwa tena. Kisha tukagundua kwamba akisoma kwa sauti, chumba kinanyamaza. Maneno ya zamani ya pwani ambayo sisi wa bara tulikuwa tukiyaruka, yeye aliyajua kutoka kwa bibi yake. Alikuwa kamusi yetu. Ijumaa saa kumi jioni mpaka saa moja, ghorofani kwenye stoo, katikati ya maboksi ya madaftari, yeye ndiye aliyesoma.

Saa hizo tatu ndizo alizokuwa nazo kwa wiki nzima. Hapakuwa na nyingine. Mama wa nyumba ile alimruhusu kwa sharti moja: kila mwezi duka limwandikie karatasi yenye mhuri, kueleza anakwenda wapi, saa ngapi mpaka saa ngapi. Wengine kwenye kikundi walimsema mama huyo vibaya. Mimi sitamsema. Nyumba nyingi hazikuruhusu hata dakika, na dereva wake ndiye aliyemleta Saumu mpaka mlangoni, kwa gari lenye kiyoyozi.

Mzee Kurian alipokuwepo, karatasi ilikuwa na mstari mmoja: "Kusoma vitabu vya historia, saa kumi hadi saa moja." Mhuri, basi. Alipoondoka, kazi ikaja kwangu. Na wakati uleule likaja ombi jipya. Saumu alikuwa amewasimulia watoto wa ile nyumba kisa kimoja kutoka riwaya tuliyoimaliza, kisa cha mfalme na mwongo wake, na watoto wakacheka wakataka kingine. Mama yao akafurahi. Akatuma salamu dukani: tangu sasa karatasi iongezwe mstari, kwa Kiarabu, kueleza kitabu cha mwezi kinahusu nini, ili naye ajue. Mnaona? Ombi lilitoka kwa moyo mzuri. Ndiyo maana sijui nimlaumu nani.

Mwezi ule nilikuwa nimechagua riwaya bora kuliko zote nilizowahi kuchagua. Bado naamini hivyo. Ilikuwa ya pwani ya kale, zama za utumwa, juu ya mjakazi aliyemtoroka bibi aliyemmiliki akatembea siku nyingi kwenda bara, mahali watoro wenzake walipojenga kijiji chao. Taa zake zilikuwa sawa. Mwendo ulikuwa sawa. Alichoka pale ambapo mtu anachoka. Saumu aliposoma sura ya kwanza, hata Wafula hakudai karak. Tulikubaliana hicho tusikichane. Kwanza nakala ilikuwa moja, na pili, hakuna aliyetaka kuanza katikati.

Niliandika mstari wangu kwa Kiswahili nikampelekea Ustadh Siddig. Huyu alikuwa mtunza fedha wa duka, Msudani, mwenye mwandiko mzuri wa Kiarabu na Kiswahili kidogo alichokiokota kwetu. Nilimwambia: hadithi ya mjakazi aliyemtoroka bibi yake akafika kwa watu huru. Akauliza mjakazi ni nini. Nikasema mtumwa wa kike.

Akaweka kalamu chini. Aliniambia neno lipo, tena yeye analijua vizuri, kwa sababu ameitwa hilo neno mjini mle, na watoto, mchana, akiwa amevaa kanzu safi. Alisema hataliandika juu ya mhuri wa duka. Hakukasirika. Aliniomba tu nimpe neno lingine.

Mimi nilisimama pale nikafikiri. Niliwaza: na kweli, neno hilo litamwudhi yule mama. Ataona tunasoma mambo ya utumwa, atadhani tunamsema. Nilijiona mwerevu. Nikamwambia, "Basi weka mtumishi."

Akaandika khadama. Kila mtu Doha anajua neno hilo, hata asiyejua Kiarabu. Ndilo wanaloitwa kina Saumu.

Halafu kuna kosa la pili, na hilo ni langu peke yangu. Neno historia ambalo Mzee Kurian aliliandika kila mwezi, nililiacha. Nafasi ilikuwa ndogo, na niliona linafanya kitabu chetu kionekane cha darasani. Nilitaka mama yule aone tunasoma kitu kitamu.

Someni sasa kilichotoka, kwa jicho la mwenye nyumba: hadithi ya mfanyakazi wa nyumbani aliyemtoroka mama mwenye nyumba akafika kwa watu huru. Na mhuri. Na saa. Mnajua pale mjini mfanyakazi wa nyumbani akiondoka bila idhini huripotiwa kuwa ametoroka, na tangu hapo hana kibali wala pa kwenda. Kila mwenye nyumba analiogopa neno hilo, na kila mfanyakazi analiogopa zaidi. Mimi niliukunja mstari huo, nikautia kwenye bahasha, nikampa Saumu aupeleke kwa mkono wake.

Ijumaa iliyofuata hakuja. Tulidhani anaumwa. Simu yake ilikuwa imezimwa. Ijumaa ya pili hakuja. Wafula, ambaye lindo lake halikuwa mbali na nyumba ile, alisema amemwona akimwagilia maua na alipompungia mkono Saumu aliingia ndani.

Jumapili mama mwenyewe alikuja dukani. Kumbukumbu yangu inasema Jumatatu, lakini daftari linasema Jumapili. Alikuja saa nne asubuhi, peke yake, na karatasi yetu ndani ya faili. Meneja mpya aliona sura yake akakumbuka ana hesabu za kufanya kwenye kompyuta. Nikabaki mimi.

Hakupiga kelele. Aliongea Kiingereza kizuri, polepole, akaniuliza kama mimi ndiye niliyeandika. Nikasema ndiyo. Nikaanza kueleza haraka haraka kwamba ni kitabu cha zamani, mambo ya mababu, kwamba huyo mwanamke wa kwenye kitabu hakuwa mfanyakazi wa mshahara, alikuwa mtumwa, amenunuliwa. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kama alikuwa mtumwa," akasema, "kwa nini uliandika mfanyakazi?"

Nikasema kweli. "Niliogopa neno lile litakuudhi, mama."

Aliitoa karatasi kwenye faili. "Kwa hiyo ulidhani utumwa utaniudhi," alisema, "na hukudhani kwamba hili litaniogopesha."

Alisema yeye ana wazazi wazee na watoto watatu, na Saumu ndiye anayebaki nao. Alisema hasemi sisi ni watu wabaya. Lakini kila Ijumaa saa kumi hadi saa moja hatakuwa na amani tena, na hawezi kumlipa mtu mshahara wa kumkosesha amani. Akaiacha karatasi juu ya kaunta, mbele yangu, akaenda zake.

Mambo niliyojaribu baadaye niyaseme yote, hata yasiyosaidia. Niliandika barua ya pili nikieleza kosa ni langu, si la Saumu. Ustadh Siddig aliiweka kwa Kiarabu, na safari hiyo aliliandika lile neno gumu kwa mkono wake mwenyewe. Sikumwomba. Nilipomtazama alisema tu, "Liandikwe pahali pake." Dereva akatuletea majibu: mama ameelewa, anashukuru, hana kinyongo na yeyote. Ijumaa haikurudi. Nilimwomba meneja aende akazungumze naye kama mkubwa wa duka. Alisema duka halina kikundi chochote cha Ijumaa kwenye vitabu vyake. Kusema haki, kweli halikuwa nacho. Hatukuwahi kuandikishwa popote.

Saumu alikuwa na mwaka mmoja na miezi mitano iliyobaki kwenye mkataba. Aliimaliza yote bila kutoka. Kikundi kiliamua kumsubiri, tusome sura moja kwa mwezi ili akirudi asiwe ameachwa mbali. Lilikuwa wazo la Wafula, yule yule aliyekuwa akitutoza chai ili anyamaze. Tulisoma sura mbili hivyo. Mimi ndiye niliyesoma, vibaya, nikikwama kwenye maneno ambayo yeye angeyajua. Sura ya tatu walikuja watu wanne. Nisiseme yote ni kwa sababu yangu. Wafula alihamishiwa lindo jingine kambi ikiwa mbali, wawili walirudi nyumbani, na simu za kusomea vitabu zilikuwa zimeanza. Lakini mtu akiniuliza kikundi kilikufa siku gani, nitamwambia Jumapili ile, saa nne na dakika chache.

Nilifanya kazi miaka minne zaidi. Niliendelea kuchagua vitabu vya Jumanne, na walisema nimekuwa mkali. Nilipostaafu nikarudi Kakamega, nilikaa mwezi mmoja, halafu nikapanda basi mpaka Mombasa, nikavuka kivuko cha Likoni, nikaenda Matuga kumtafuta. Sikumpigia simu. Niliogopa atasema nisije.

Nilimkuta anauza viazi karai na bajia nje ya nyumba ya kaka yake. Alikuwa amenenepa kidogo. Aliponiona alifuta mikono, akasema, "Shikamoo, Dada Rispa," kama vile tuliachana juzi. Nikamwitikia. Akanipa kigoda, akanimiminia chai ya tangawizi, akaendelea kukaanga kwa sababu wateja walikuwepo. Nikasubiri. Nilikuwa nimeifunga ile riwaya kwenye gazeti, ile nakala moja, nzima. Wateja walipopungua nikampa, nikaanza kusema maneno niliyoyapanga tangu Voi: kwamba nilikosea neno, kwamba nililainisha pale ambapo sikupaswa, kwamba Ustadh Siddig hana kosa, kosa ni langu.

Alikuwa akigeuza viazi. Akasema amenisamehe zamani sana, tena nisijitaabishe. Kisha akasema, "Lakini ile karatasi mimi niliisoma."

Nikamwambia haiwezekani, ilikuwa ya Kiarabu.

"Dada Rispa, mimi nimekaa chuoni miaka saba," alisema. Chuo kwa watu wa pwani ni madrasa. "Herufi za Kiarabu nimezijua kabla ya hizi zenu. Kiarabu chenyewe sikijui chote. Lakini lile neno langu mimi nalijua. Naitwa hilo kutwa. Niliifungua ndani ya gari nikaliona, na nikaliona na lile la kutoroka."

Nikamuuliza kwa nini alimpa mama yule karatasi. Nilimuuliza kwa sauti ya juu kidogo, mpaka mtoto wa kaka yake akageuka.

Alitoa viazi kwenye mafuta, akavichuja, akavitia kwenye sinia. "Nilisema moyoni, Dada Rispa ndiye mwenye kuchagua maneno. Ameona kitu mimi sikioni." Akapangusa ukingo wa karai. "Na wewe kunionyesha hukunionyesha. Ilikuwa imefungwa kwa gundi, bado mbichi, nikaifunga tena. Nikadhani hukutaka niisome."

Hiyo gundi naikumbuka. Niliipaka mwenyewe, kwa kidole, ili bahasha ionekane ya heshima.

Nikanywa chai. Mteja akaja akataka bajia za mia, Saumu akamhudumia. Kitabu kilikuwa bado ndani ya gazeti lake, juu ya meza, karibu na chumvi. Wakati wa kuondoka nilimwambia ni chake. Akanishukuru, akaniuliza kama gazeti analihitaji mtu, kwa sababu limemwishia la kufungia viazi. Nikasema halihitajiki. Akalifungua taratibu lisichanike, akalilaza juu ya mengine, akalinyoosha kwa kiganja. Kitabu akakiweka dirishani, uso chini, akarudi kwenye karai.